Kitabu Kisicho na Mwandishi

Wapo wasomaji watakaoona ajabu kwamba katika kurasa hizi, ambamo nimekwisha kujadili riwaya na tenzi, sasa naweka mezani ratiba ya treni na kuihakiki kama kitabu. Tena ratiba yenyewe si ya kwetu, ni ya India. Nawaomba wanivumilie. Kitabu, kwa maoni yangu, ni kurasa zilizopangwa ili mtu apate kujua asilolijua, na kwa kipimo hicho sijapata kushika katika miaka yangu ya kustaafu kitabu kilichonieleza nchi ngeni kwa uaminifu kuliko hiki. Jina lake ni Trains at a Glance. Hutolewa na Reli za India, na mtu yeyote aweza kukipata bila malipo kwa intaneti. Nakala yangu niliichapishia Bukoba, mafungu manne ya karatasi, kwa bei iliyomfanya kijana wa dukani aniulize mara mbili kama kweli nazitaka kurasa zote.

Sababu ya kukihitaji ni ya nyumbani. Kijana wetu anasoma Pune na mwakani atahitimu. Mimi na mama yake tumeamua kwamba tukishauza kahawa ya msimu huu tutakwenda kumwona, na kwa kuwa nauli ya ndege ni ile ile ukae siku tatu au ukae mwezi, tutaizunguka India kwa treni kabla ya kurudi. Ni safari ya mara moja. Hatutapata kahawa nyingine ya kuirudia. Ndiyo maana nilianza kusoma vitabu vya safari za treni kwa jicho ambalo sikuwa nalo zamani: nilitaka kujua ni kipi kinachoweza kuaminiwa na mtu mwenye nafasi moja tu.

Nisisitize jambo moja kwa msomaji wa mbali. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa hatuna reli. Mwanafunzi wa zamani aliyechaguliwa kwenda shule za Tabora alipanda meli Bukoba, akavuka ziwa usiku kucha, na treni aliiona kwa mara ya kwanza Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928. Usafiri tuliokulia nao una saa yake nyingine. Nenda stendi ya Omurushaka uulize gari la Nkwenda linaondoka saa ngapi, utajibiwa, "Likijaa, mzee." Sisemi hivyo kwa kubeza. "Likijaa" ni ratiba kamili, nayo haidanganyi mtu. Lakini haipangiki. Huwezi kuketi nyumbani miezi mitatu kabla, ukaandika katika daftari kwamba siku fulani utalala mahali fulani. Kwa hiyo mtu wa huku anayetaka kuzunguka nchi kubwa kwa treni, bila mwenyeji wala kampuni ya kumwongoza, hujifunza kwanza namna mpya ya kuwaza kabla ya kujifunza njia.

Nilidhani vitabu vya wasafiri vitanisaidia. Kilicho maarufu kuliko vyote ni The Great Railway Bazaar cha Paul Theroux, kilichotoka mwaka 1975. Huyu si mgeni kwetu. Alifundisha Makerere katika miaka ya sitini. Sura zake zina majina ya treni: Frontier Mail, Kalka Mail, Rajdhani, Grand Trunk Express, Howrah Mail. Yaani sura zenyewe zinasomeka kama ratiba, na mpangaji wa safari huzifungua kwa njaa. Kisha hashibi. Theroux ni stadi wa kumchora mtu aliyeketi mkabala naye, jinsi anavyokula na anavyojisifu, lakini mambo ya tiketi na vitanda hupita upesi, kana kwamba treni humjia mtu kama mvua. Amekwisha kupanda, wewe msomaji bado uko nje ya dirisha la tiketi.

Nina kipimo changu kwa waandishi wa safari: wasome kwanza katika njia unayoijua. Katika Dark Star Safari, cha mwaka 2002, Theroux huyo huyo alivuka Ziwa Viktoria kwa MV Umoja kutoka Uganda hadi Mwanza, akapanda treni mpaka Dar es Salaam, kisha TAZARA mpaka Mbeya. Kagera aliipita kwa upande wa maji. Anayoyaandika kuhusu uchakavu si uongo. Sisi tuliopanda treni hiyo twajua. Ila anaiona treni kama ushahidi wa hoja yake juu ya Afrika na misaada ya wageni, wakati abiria wenzake walikuwa wanakwenda mazishini, sokoni na shuleni. Mtu aliyeniandikia hivyo njia ya Mwanza, kwa nini nimwamini kikamilifu kuhusu njia ya Madras?

M. G. Vassanji ni tofauti. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na A Place Within, cha mwaka 2008, ni kitabu cha mwana wa Afrika Mashariki anayekwenda kuitafuta nchi ya mababu. Nakipenda. Anaandika kwa upole, na machafuko ya kidini aliyoyakuta hayafichi wala hayakuzi. Lakini yeye anakwenda nyumbani kwa namna fulani. Ana sura ya watu wa huko, na ana wenyeji wa kumpokea. Mimi na mama watoto wangu hakuna kijiji cha Gujarat kinachotukumbuka.

Tena si kweli kwamba Kiswahili hakina kitabu cha namna hii. Tunacho tangu mwaka 1901. Carl Velten alipochapisha huko Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, alitia ndani yake habari za Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyepita Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller. Treni, meli za mtoni, magari ya farasi, vyote anavyo, na anatueleza jinsi watu walivyomkodolea macho kwa weusi wake. Nakisifu kwa moyo wote. Mtumishi huona vitu ambavyo bwana havioni, kwa kuwa mzigo uko mikononi mwake. Lakini jambo moja halimo, wala lisingaliweza kuwamo: kwa nini leo tunakwenda huku na si kule. Hilo lilikuwa la Bumiller. Salim alizunguka mojawapo ya nchi kubwa kuliko zote duniani, na hata siku moja haikuwa yake kuichagua.

Hapo ndipo nilipoirudia ratiba kwa heshima.

Mtu akiifungua mara ya kwanza huona tarakimu tupu. Jirani yangu, mzee mwenzangu wa hapa Kayanga, aliichukua akaipekua, akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiki unakisoma au unakihesabu?" Nikamwonyesha ramani ya mwanzo. Kila mstari wa njia una namba, na namba hiyo ndiyo jedwali utakalolitafuta ndani. Ukilipata, stesheni zimepangwa kutoka juu kwenda chini pamoja na kilomita zake, na treni zimesimama kama nguzo, kila moja na namba yake ya tarakimu tano. Tarakimu hizo tano zilianza mwishoni mwa mwaka 2010. Kabla ya hapo zilikuwa nne, kwa hiyo kitabu chochote cha kale kitakupa namba isiyofanya kazi. Treni ya kwenda na ya kurudi hushikana mikono: 12951 hutoka Mumbai kwenda New Delhi, 12952 hurudi. Hao ni Rajdhani, takriban kilomita 1,385 kwa usiku mmoja. Msomaji akumbuke urefu wa reli kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ambao ni kama kilomita 1,200 na kidogo, apate kupima.

Majina nayo yana historia ndani yake. Victoria Terminus ya Bombay iligeuzwa jina mwaka 1996, ikaongezewa neno mwaka 2017. Mughalsarai, makutano makubwa yaliyotajwa na wasafiri wote wa zamani, yalipewa jina la mwanasiasa mwaka 2018. Allahabad imekuwa Prayagraj. Anayepanga safari kwa kitabu cha Theroux atazitafuta stesheni hizi asizione, na ratiba haitamweleza ni siasa gani zimepita hapo. Inamwachia pengo tu. Na jiji moja laweza kuwa na stesheni nne. Delhi ina New Delhi, Delhi ya zamani, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar, na mgeni aliyeshushwa moja huku treni yake inayofuata ikiondokea nyingine yampasa kulivuka jiji zima na mizigo yake. Ukiona jedwali limeandika jina refu, lisome mpaka mwisho.

Kuna jambo ambalo Mswahili analiona haraka kuliko mwingine. Saa za ratiba ni za tarakimu ishirini na nne, nasi tumezoea kugeuza: 16:25 ni saa kumi na dakika ishirini na tano za jioni, 19:00 ni saa moja usiku. Hilo si shida. Shida ni siku. Ratiba inapoandika kwamba treni huenda Jumatatu, ina maana inaondoka stesheni yake ya kwanza Jumatatu. Sasa tuseme imeondoka saa tatu usiku, na wewe unaipandia katikati ya njia saa 00:40. Kwa kalenda ya serikali hiyo ni Jumanne; kwa kitabu bado ni treni ya Jumatatu. Ikiwa ni treni ya kulala njiani siku mbili, huenda ukaipanda Jumatano. Mgeni asiye na hadhari hufika stesheni saa ishirini na nne kamili baada ya treni yake kupita. Kiingereza cha ratiba hakina neno fupi la kumwokoa. Kiswahili kinalo: usiku wa kuamkia Jumanne. Maneno manne, na hakuna wa kukosea. Ndugu zetu wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapozama, wangeona hata ajabu kwamba mtu aweza kuikata siku katikati ya usingizi. Katika daftari langu kila treni ya usiku nimeiandika kwa mtindo huo wa "kuamkia", na nasema bila haya kwamba hapo daftari langu limekishinda kitabu.

Neno lenyewe gari, wajuzi wa lugha wanatuambia, tulilipata kutoka Kihindi, na vipaza sauti vya stesheni za India hadi leo huita treni gaadi. Lilikuja kwetu na watu. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kati ya mwaka 1896 na 1901 kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwani, kwa upana wa mita moja, upana uliokuwa wa njia nyingi za huko kwao. Huko India kwenyewe, tangu mwaka 1992, njia za mita moja zimekuwa zikiondolewa na kuwekwa zile pana. Sisi tulibaki na upana wao wa zamani, na ni mwaka 2024 tu ndipo treni za reli mpya pana zilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma.

Nirudi kwenye uhakiki. Sifa kubwa ya ratiba ni kwamba haina upendeleo. Stesheni ambayo treni husimama dakika mbili hupewa mstari ule ule inaopewa Delhi. Mwandishi wa safari huruka palipomchosha. Ratiba hairuki, alimradi treni imesimama. Nimeketi jioni nyingi nikishuka nayo kutoka Kolkata hadi Chennai, zaidi ya kilomita 1,600 kandokando ya bahari, nikihesabu mito kwa kuangalia stesheni zilizoitwa kwa majina yake, na nikaona mahali ambapo kwa kilomita nyingi treni ya haraka haisimami kabisa. Mtu hujiuliza pana nini hapo. Hakuna riwaya iliyoniuliza swali hilo.

Kijana wetu ana maoni mengine. Aliniambia kwa simu, "Baba, nipe tarehe tu, nitawakatia zote kwa simu, dakika kumi." Anasema kweli, na ni mtoto mwema. Simu huuliza unatoka wapi na unakwenda wapi, kisha hukupa orodha. Yaliyo katikati inayameza. Haikwambii kwamba njiani kuna makutano ambako ungeweza kushuka asubuhi, ukaona mji, ukaendelea jioni. Ukiipa pande mbili, hukupa pande mbili. Nikikubali mpango wake, tutapata vitanda vizuri na tutafika, nami nitakuwa nimeizunguka India kama Salim alivyoizunguka Siberia, ingawa bwana wangu atakuwa mwanangu. Tulikubaliana hivi: mimi nachora njia, yeye analipa kwa simu. Kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, si 120 kama awali, kwa hiyo hoja yetu ina tarehe yake ya mwisho.

Lakini ratiba nayo ina dhambi zake, na mhakiki asiyezitaja ni mpiga debe.

Kwanza, haijui umati. Nguzo ya saa na dakika haikwambii kwamba vitanda vimekwisha, kwamba kuna orodha ya wanaosubiri, kwamba kuna tiketi ya namna inayokupa haki ya kuketi nusu ya kitanda cha ubavuni, wewe na mtu usiyemjua, mpaka mwenye kitanda kingine atakapokosa kuja. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama mama watoto, mwenye magoti mabaya, atalala au atakesha. Nimejifunza kwingine kwamba katika behewa la kawaida la kulala namba 1 na 4 ni vitanda vya chini, 2 na 5 vya kati, 3 na 6 vya juu, 7 na 8 vya ubavuni, na hesabu inarudia hivyo kila nane. Ningefurahi kuiona katika ukurasa wa kwanza. Gandhi alipochapisha mwaka 1917 kijitabu chake juu ya daraja la tatu katika reli za India, aliandika kuhusu uchafu na msongamano ambao hakuna ratiba ya wakati ule iliyoudokeza. Kijitabu hicho na ratiba vingefaa kujalidiwa pamoja.

Pili, haisemi ukweli sawasawa kuhusu hali ya hewa. Njia ya Konkan, iliyofunguliwa yote mwaka 1998, inayoteremka kutoka karibu na Mumbai kupita Goa kwa madaraja karibu 2,000 na mahandaki zaidi ya 90, ina ratiba yake ya masika: mvua zikianza, mwendo hupunguzwa na saa hubadilishwa rasmi. Mtu wa Kagera, anayejua mvua inavyoweza kuifanya barabara, huinua kofia. Hapo kitabu kinakiri kwamba mbingu ipo. Lakini kule kaskazini, Desemba na Januari, ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi, na nguzo za Delhi na Varanasi zinasimama zilivyo, kama kwamba jua liliwaka. Mabadiliko hutangazwa kando. Mimi nimeacha mchana mzima mtupu baada ya kila usiku wa kaskazini. Kijana anasema ni kupoteza siku tatu.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kitabu hiki ni cha treni kubwa. Zile za pole pole, zinazosimama kila mahali na kubeba wauza mboga, wanafunzi na watu wanaokwenda kumwona mgonjwa, nyingi hazimo. Ziko katika ratiba za kanda. Niliposifu kwamba hakina upendeleo nilimaanisha kati ya stesheni zilizobahatika kuingia. Ingekuwa ni ratiba ya kwetu, Kayanga labda ingekuwamo kwa dakika mbili, na Murongo kule mpakani isingekuwamo kabisa.

Njia yetu kwa sasa iko hivi: Pune hadi Mumbai, kisha Delhi, Varanasi, Kolkata, kushuka Chennai, kufika Kanyakumari ambako nchi inaishia, na kupanda kwa Konkan kurudi tulikoanzia. Ipo treni moja itokayo Dibrugarh, Assam, mpaka Kanyakumari, zaidi ya kilomita 4,100 na saa zaidi ya 70, na nilikuwa nimeitamani. Mama watoto alisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, akasema magoti yake hayana saa 70. Yeye ameomba jambo moja tu: mahali padogo, pasipo na jina kubwa, tushuke, tukae siku mbili, tuone wanavyopalilia na wanavyopika. Nimemchagulia katikati ya Chennai na Kanyakumari, kusini kwa Madurai. Treni za haraka hazisimami hapo. Inayosimama imo katika ratiba ya kanda ya kusini, na hiyo bado naitafuta.